Mia Mbili na Kumi na Watano Walioitwa na Tume

Bakoly Ravaonirina alikamatwa mara tatu maishani mwake, na mara zote tatu ilikuwa kwa picha ambazo hakuna aliyedai kuwa ni za uongo. Serikali ya kwanza ilimkamata kwa kuwapiga picha askari wakiwatawanya waandamanaji. Waandamanaji walipoingia madarakani walizitundika picha hizo kwenye ukumbi wa wizara, wakampa na cheti, na baada ya miezi minane wakamkamata kwa kupiga picha nyingine kama hizo. Barabara ilikuwa ileile na moshi uleule, ila safari hii walioshika virungu walikuwa wao. Mara ya tatu ilikuwa kwa amri ya kamanda mmoja wa jeshi, aliyetoka gazetini akipiga miayo katikati ya sherehe za uhuru. Kamanda alitaka Bakoly aandike kwamba ile haikuwa miayo. Eti alikuwa akiimba wimbo wa taifa.

"Kama ulikuwa unaimba," Bakoly alimwuliza, "mbona wenzako wote wamefunga midomo?"

Swali hilo lilimwongezea siku mbili mahabusu.

Kazi alijifunza katika studio ya mjomba wake, karibu na stesheni ya reli ya Antananarivo. Tangu ana miaka kumi na minne alisafisha picha kwenye chumba cha giza na kuwanyoosha wateja kola kwa ajili ya vitambulisho. Mjomba alikuwa bingwa wa kupanga watu. Kila mteja alimpa kidevu kilekile, kiti kilekile, na mkono uleule juu ya goti, hata mgeni aliyepita dirishani angedhani mji mzima umezaliwa na mama mmoja. Bakoly alipoondoka pale na kamera ya mtumba, akiwa na miaka ishirini na miwili, alijiwekea sharti: hatampanga mtu. Hatamwambia asogee, wala atabasamu, wala anyanyue uso. Lamba ya waziri, lile shuka la kujitanda, ikimteleza begani mbele ya mabalozi, itateleza, na picha itaonyesha bega.

Sharti hilo lilimfanya aaminike bila kupendwa. Mwaka wa tisini na moja, baada ya maandamano makubwa kuvunjwa, alipiga picha ya viatu vilivyobaki barabarani, makubadhi sitini na moja, na gazeti likaitoa ukurasa wa mbele. Watu wanne walivitambua viatu vyao wakaenda kituoni na gazeti mkononi kuvidai. Polisi waliwapa viatu, wakawaambia wavivae kuhakikisha kama vinawatosha, na vilipowatosha wakawafungia. Bakoly alikwenda kuwaona kila siku mpaka walipoachiwa. Mmoja wao, mwashi mwenye mguu mkubwa sana, alimlaumu kwa miaka mingi kwa sababu hakupiga picha viatu vya watu wengine.

Huyo ndiye mwanamke ambaye Tume ya Kusafisha Bonde ilimteua, akiwa na miaka arobaini na tisa, awe mpiga picha wake pekee katika mtaa wa Andohakanaly.

Andohakanaly ni nyumba arobaini na tatu za matofali kati ya mfereji na mashamba ya mpunga. Kiangazi wakazi hufyatua matofali kwenye udongo wa majaruba, masika wanahamishia magodoro juu ya meza. Jiji lilitaka kulifanya eneo hilo kuwa bwawa la kupokea maji ya mafuriko. Wakazi walijibu kwamba maji yanapokelewa tayari, kila Januari, na wao wenyewe, tena bila mshahara. Sheria ilikuwa na kifungu kimoja cha huruma: hakuna nyumba itakayobomolewa kabla kila mtu aliyemo daftarini hajasikilizwa na kuonyeshwa kiwanja kingine. Madaftari ya zamani yalikuwa yameliwa na mafuriko. Kwa hiyo tume iliamua daftari jipya liwe la picha: kila nyumba picha moja, mlango na wakazi wake mbele ya mlango, na kilichoonekana pichani ndicho kitakachohesabiwa.

Wakazi walimkubali Bakoly kwa sababu alikuwa mwenzao, wa nyumba namba kumi na saba. Tume ilimkubali kwa sababu ilisoma faili lake la polisi, ambalo lilithibitisha mara tatu, kwa muhuri, kwamba hajawahi kughushi picha. Yeye mwenyewe aliomba kiongezwe kifungu cha sita: picha yoyote ambayo mtu amepangwa haitapokelewa. Tume ilifurahi sana na kifungu hicho.

Picha zilipigwa Jumapili moja ya Agosti, kwenye baridi. Mtaa mzima ulitoka na nguo za kanisani. Nyumba namba kumi na sita ya Bi Raketaka, muuza vitumbua wa miaka sabini na moja, ilimchelewesha Bakoly kwa sababu mwenyewe alirudi ndani, akakaa, kisha akatoka amekumbatia picha ya marehemu mumewe kwenye fremu.

"Mama," Bakoly alisema, "hii ni picha ya wakazi."

"Na huyu ni nani, fundi wa redio? Nyumba kajenga nani, wewe?"

"Sijasema mimi."

"Basi nikisimama hapa peke yangu, serikali itasema nimeachika. Kwa umri huu! Piga, mwanangu, mkono unauma."

Bakoly aliishusha kamera. Alitaka kumwambia aiweke fremu ndani. Lakini kumwambia aiweke ndani ni kumpanga, na kifungu cha sita kilikuwa na wino mbichi bado. Akaipandisha kamera, akapiga.

Majirani waliona. Dakika kumi hazikupita, kila mtu alikuwa ameingia ndani na kutoka na wa kwake. Zefa, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa na watu wanne hai na kumi na watatu waliokufa, mmoja wao akiwa babu wa babu yake aliyepigwa picha na kofia ya chuma kabla ya kupelekwa kwenye vita vya Wafaransa. Wasio na fremu walinyanyua vitambulisho vya zamani. Mjane wa nyumba namba nane alishika picha tano kwa mikono miwili na ya sita kwa kidevu. Kwenye nyumba namba ishirini na tisa hawakuwa na marehemu wa karibu, ila nyuma ya mlango uliokuwa wazi ilining'inia kalenda yenye mchezaji wa mpira.

Kazi ya kuhesabu aliifanya karani wa tume, Ndimby, mtu mwembamba mwenye kioo cha kukuzia na tabia ya kukata kucha kabla ya kugusa karatasi. Fomu yake ilikuwa na safu moja tu: "Sura zinazoonekana." Ndimby alihesabu sura zinazoonekana. Alipata mia tatu na tisini na nane. Akamtoa mchezaji wa mpira, kwa maelezo kwamba mhusika anaishi Ulaya na jambo hilo linajulikana na wote, zikabaki mia tatu na tisini na saba. Jiji lilikuwa limeandaa viwanja vya watu mia na tisini.

Habari zilifika mtaani kabla ya jioni. Wafyatua matofali walichinja bata.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa watoto. Viwanja havitoshi, hivyo tume haiwezi kuanza, hivyo nyumba zinabaki. Kilichokuwa kimesalia ni kikao cha kufungua shauri mwezi wa Oktoba, ambapo mpiga picha ataapa na kuulizwa kama waliomo pichani ni wakazi wa Andohakanaly. Usiku wa bata hakuna aliyelifikiria hilo. Siku ya pili yake Zefa na Bi Raketaka walikuwa mlangoni kwa Bakoly asubuhi na mapema, na Bi Raketaka alikuwa na sahani ya vitumbua vya moto.

"Watakuuliza swali moja tu," alisema Zefa. "Jibu lake ni neno moja."

"Najua neno lenyewe."

"Haya, liseme tulisikie."

"Zefa, mia mbili na kumi na wanne wamekufa."

"Punguza sauti!" Bi Raketaka aligeuka kutazama ukuta wa nyumba yake. "Wanakusikia!"

"Ndiyo, mama, lakini wamekufa."

"Dada Bakoly," alisema Zefa taratibu, kama mtu anayeongea na ng'ombe kwenye tope, "miaka ishirini na saba unagombana na serikali kwa ajili yetu. Umepigwa, umefungwa, kamera zimevunjwa. Leo mababu wamekuja kutusaidia bila hata nauli, wewe unataka kuwatoa mlangoni?"

"Nikiapa uongo mara moja, kuna atakayesema hata picha za askari nilizipanga."

"Askari gani? Walishastaafu wote! Yule wa kirungu anauza kuku Jumatano, mimi mwenyewe nanunua kwake!"

"Na picha bado ni ya kweli."

Bi Raketaka alivichukua vitumbua vyake, sahani na yote, akaondoka. Kuanzia siku hiyo, Bakoly alipopita kwenye meza yake asubuhi, vitumbua vilikuwa vimekwisha, hata alipoviona vikitoa moshi.

Hakulala vizuri majuma hayo. Alijua vizuri kilichokuwa mizanini. Kwenye mtaa huo ndiko mama yake alikozeekea na kufia. Alijua pia viwanja vipya viko kilomita thelathini na nne, juu ya kilima kisicho na maji wala udongo wa matofali. Alifikiria kuugua. Lakini alishazoea kuona, kwa miaka yote hiyo, jinsi watu wakubwa walivyougua siku za kuapa, na aliwahi kuwapiga picha wakitoka hospitali wakiwa wamenenepa.

Kikao kilifunguliwa katika ukumbi wa jiji. Mwenyekiti wa tume, Bwana Ramiandrisoa, alikuwa mhandisi, lakini kabla ya uhandisi alikuwa mtoto wa watu wa nyanda za juu, na hakuna mtu wa kwao anayefungua mdomo mbele ya watu bila kuomba radhi kwanza. Aliomba radhi kwa kusema mbele ya waliomzidi umri. Aliomba radhi kwa walioketi, kwa waliosimama, kwa walioko mlangoni. Akafika kwa mababu, ambao lazima waombwe, kwa kuwa bila ruhusa yao hakuna neno linalosimama. Kwa kawaida msemaji hapo hutazama juu kidogo. Lakini mezani mbele yake zilikuwa zimepangwa picha arobaini na tatu zenye sura za mababu mia mbili na kumi na wanne, na Bwana Ramiandrisoa, aliyelelewa vizuri, alizigeukia, akainama, akaomba ruhusa. Ukumbi ukaitikia kwamba ruhusa imetolewa. Ndimby aliandika yote, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika yote.

Bakoly aliapa.

"Hizi ni picha zako?" aliuliza Mwenyekiti.

"Zangu."

"Sura hizi mia tatu na tisini na saba ni za wakazi wa Andohakanaly?"

Nyuma yake mtaa mzima ulisogea mbele kusikia.

"Mia moja na themanini na watatu ni wakazi walio hai," alisema Bakoly. "Mia mbili na kumi na wanne ni marehemu. Wameshikwa mikononi na jamaa zao."

Bi Raketaka alisonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa mtu aliyeuhifadhi tangu Agosti, na Ndimby aliuandika nao. Zefa aliinama akashika kichwa.

Mwenyekiti alishindwa kuficha furaha. Viwanja mia na tisini, watu mia na themanini na watatu, saba vya akiba. "Karani," alisema, "wakate hao mia mbili na kumi na wanne."

Ndimby alifungua kalamu nyekundu. Akaishika juu ya daftari, lakini haikushuka.

"Niwakate kwa sababu gani, Mheshimiwa?"

"Kwa sababu hawapo!"

"Ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu za leo unasema Mwenyekiti aliwageukia, akainama, akawaomba ruhusa ya kusema, nao wakampa."

"Hiyo ni desturi tu, Ndimby."

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini imeandikwa. Kama hawakuwepo, ruhusa ulipewa na nani? Na kama hukupewa ruhusa, kikao hakijafunguliwa. Kama hakijafunguliwa, dada hapa hajaapa, na mimi sina haki ya kumkata mtu kwa maneno ya shahidi ambaye hajaapa."

Mwenyekiti aliwatazama wajumbe wenzake. Wajumbe walitazama picha, na picha zikawatazama wao.

"Basi kata, mimi nitatia saini."

"Baba yangu ana miaka miwili kaburini, Mheshimiwa," Ndimby alisema kwa sauti ndogo. "Nikianza kuwakata wa wenzangu, nitamwambia nini?"

Alimpa kalamu mhandisi wa maji, mmoja wa wajumbe. Mhandisi wa maji aliipokea, akaitazama kama inavuja, akampa mwanasheria. Mwanasheria alikumbuka simu ya dharura, akatoka na kalamu, akarudi nayo, akaiweka mbele ya mjumbe wa wizara, naye akaisukuma kwa ukingo wa karatasi bila kuigusa. Kalamu ilizunguka meza nzima ikamfikia Mwenyekiti ikiwa imefungwa kifuniko. Bwana Ramiandrisoa aliisogelea picha ya nyumba ya Zefa. Akamwonyesha mzee wa kofia ya chuma, kwa kidole kilichokunjwa, kama mtu anavyoonyesha kaburi, kwa kuwa kulinyooshea kaburi kidole ni mwiko.

"Huyu ni nani?"

"Babu wa babu yangu, Mheshimiwa," alisema Zefa, akinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Alirudi kutoka vitani?"

"Alirudi. Ila kofia waliichukua."

Mwenyekiti alirudi kitini. Baada ya saa nzima ya kunong'ona, tume ilitoa uamuzi: kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kuwakata, wahusika wenyewe waitwe kwa barua, wafike baada ya siku tisini, kila mmoja athibitishe au akanushe kwamba amefariki. Ndimby alisoma kifungu cha wito, polepole, mara mbili. Asipotokea hata mmoja wa walioitwa, barua zitahesabiwa hazikufika, na shauri litaahirishwa siku tisini nyingine. Akitokea hata mmoja, barua zimefika, na wasiotokea watahesabiwa wamekubali, daftari litafungwa, na ubomoaji utaanza.

Ilichukua muda kidogo kabla ya ukumbi kuelewa. Kisha mfyatua matofali mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikapita safu kwa safu mpaka kwa mjane wa nyumba namba nane, aliyekuwa akijifuta machozi kwa lamba. Siku tisini, na tisini nyingine, na tisini nyingine. Nani atatokea?

"Sasa nasoma majina ya wanaoitwa," alisema Ndimby, na alipofika nyumba namba kumi na saba akasoma kwa sauti ileile: "Sura zinazoonekana: sifuri. Mwenye nyumba, Ravaonirina Bakoly, hakuonekana. Aitwe."

"Nipo hapa," alisema Bakoly.

"Nakuona, dada. Lakini daftari ni la picha."

"Picha nilipiga mimi! Ningeonekanaje?"

Ndimby aliigeuza picha ili ukumbi uione. Ilikuwa picha nzuri: mlango wa bluu, ndoo, dirisha, na kivuli cha mtu mwenye kamera kikiishia kwenye kizingiti.

"Kivuli si sura," alisema Ndimby kwa masikitiko ya kweli.

"Basi nipige sasa hivi, hapahapa."

"Mpiga picha wa tume ni mmoja, naye ni wewe. Ukijipiga mwenyewe utakuwa umejipanga. Kifungu cha sita."

"Kifungu cha sita nilikileta mimi."

"Ni kifungu kizuri sana, dada."

Barua zilikuwa mia mbili na kumi na tano. Ndimby alizisambaza mwenyewe kwa baiskeli. Kila nyumba alivua kofia, akaiweka barua chini ya fremu ya mhusika, akasubiri dakika moja kama kuna jibu. Kwa Bi Raketaka aliombwa aisome kwa sauti, kwa kuwa marehemu hakuwa na miwani. Alipomaliza, Bi Raketaka alimimina rumu kidogo sakafuni, akaigeukia fremu.

"Umesikia? Usiende," alimwambia mumewe. "Maisha yako yote ukiitwa na serikali unakimbilia kwenda. Safari hii kaa."

Bakoly alitia saini yake ya kupokea. Katika orodha nzima ilikuwa saini pekee.

Novemba kitambulisho chake cha uandishi kiliisha muda. Ofisi ya vitambulisho ilitazama daftari jipya la bonde ikamwambia alete barua ya tume kwamba yupo. Alikwenda kwa mkuu wa ofisi, akasimama mbele yake, akamwuliza anaongea na nani.

"Naongea na wewe, mama. Lakini nitaandika nini?"

Bila kitambulisho hakuruhusiwa kwenye mikutano ya kampeni, na huo ulikuwa mwaka wa kampeni. Uwanjani walinzi waliomjua tangu ujana wao, wawili kati yao waliwahi kumvunjia kamera, walimzuia getini kwa upole mkubwa. Mmoja alimpa pole. Kijana wa gazeti lingine alipita karibu yake, akampiga picha mgombea akipiga miayo, kisha akaifuta. Bakoly aliona. Alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani aliamua kwamba Januari atatokea. Kuzuiwa, kutukanwa na kufungwa alishavizoea. Kutokuwepo hakukubali.

Bi Raketaka alikuja siku tatu kabla ya kikao, kwenye mvua, amefunika sahani kwa plastiki. Maji ya mfereji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti.

"Zefa anasema utaitika."

"Nitaitika. Mimi si maiti."

"Nani kasema u maiti? Kula."

"Ulinisonya mbele ya tume, mama."

"Nilikusonya. Na leo nakuomba. Mdomo ni huuhuu, sina mwingine." Alikaa kitandani, miguu juu, kwa sababu sakafu ilikuwa imeanza kulowa. "Sikuombi useme uongo. Nilikuomba mwaka jana, ukakataa, na ikawa afadhali. Sasa nakuomba usiseme kitu."

"Ni kilekile."

"Kwa nani? Mimi nimekaa na yule bwana kwenye fremu miaka kumi na tisa hajasema kitu, na hajanidanganya hata siku moja. Alipokuwa hai, ilikuwa kila juma."

Bakoly alicheka bila kutaka. Kisha akaacha.

"Nikikaa kimya, nitakaa kimya kila siku tisini. Kitambulisho sipati. Kazi sina."

"Ndiyo," alisema Bi Raketaka. Alikula kitumbua kimoja mwenyewe, cha pili akamwekea Bakoly mkononi, na walikaa wakitazama maji yakiingia.

Siku moja kabla ya kikao Ndimby naye alikuja na baiskeli yake, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikataa kuingia.

"Nimekuja kikazi," alisema. "Mpiga picha wa tume anatakiwa ukumbini kesho saa mbili. Ni lazima, kwa mkataba. Sheria inasema mtu ametokea anapoitika jina lake. Kuwa ukumbini na kamera hakumo kwenye sheria hiyo."

"Unanishauri nini, Ndimby?"

"Mimi? Mimi nasoma tu kilichoandikwa, dada."

Tume ilikodi viti mia mbili na kumi na vitano, kimoja kwa kila aliyeitwa, kutoka kwa watu wa harusi, na kwa haraka viti vilikuja na utepe mweupe umefungwa kwa fundo la maua nyuma ya kila kimoja. Vilijaza ukumbi. Wakazi walio hai walisimama ukutani, miguu ina matope. Mwenyekiti alisimama kufungua kikao, akafungua mdomo, akawatazama mababu, akamtazama Ndimby aliyekuwa tayari na kalamu, akasema "Tuanze," akaketi. Minong'ono ya mshtuko ilipita ukutani. Hakuna aliyewahi kusikia hotuba fupi kiasi hicho kwa mtu aliyelelewa na wazazi wote wawili.

Ndimby aliita kila jina mara tatu, akasubiri baada ya kila mara, akaandika. Bakoly alifanya kazi yake. Alipiga picha viti vya mbele, tepe, mhandisi wa maji akisinzia, mikono ya Mwenyekiti. Mzee wa kofia ya chuma hakuitika. Dada zake wawili hawakuitika. Alipoitwa mume wa Bi Raketaka, Bi Raketaka alitazama mlangoni, kisha akaona haya, akatazama chini.

"Nyumba namba kumi na saba. Ravaonirina Bakoly."

Bakoly alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwa karani. Ukuta mzima wa watu uligeuka, kisha wote kwa pamoja wakageukia pengine. Zefa alianza kuhesabu vigae vya dari.

"Ravaonirina Bakoly."

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake. Lilikuwa fupi, na alishalisema mbele ya polisi, mbele ya makamanda, mbele ya mawaziri wawili. Kiti chake kilikuwa safu ya pili, karibu na njia, na utepe wake ulikuwa umefunguka. Aliusogeza ulimi, akauacha. Akainyanyua kamera.

"Ravaonirina Bakoly," aliita Ndimby mara ya tatu, na mwanga wa dirisha ulimpiga usoni vizuri, mdomo wazi kwenye silabi ya mwisho, kalamu hewani, nyuma yake viti vyeupe mpaka mwisho wa ukumbi. Bakoly alibonyeza. Mlio wa kamera ulisikika hadi ukutani.

Ndimby alisubiri, kama alivyowasubiri wengine wote. Kisha aliandika "Hakuitika," akalamba kidole, akafunua ukurasa. Yalikuwa yamebaki majina mia moja na thelathini na mawili.